Chupa Moja, Hukumu Nyingi: Ethanoli Katika Nyumba ya Mwislamu



Katika darsa za akina mama yapo maswali ambayo hayaishi kurudi. Mmoja atauliza: "Sheikh, marashi ya kupuliza yana alkoholi; je, yananajisi buibui langu?" Wa pili atasema: "Mwanangu ameandikiwa dawa ya kikohozi, nami nimesoma kwenye karatasi yake kuwa ina alkoholi, nimpe au nimwage?" Wa tatu ataulizia sanitaiza inayowekwa mlangoni mwa skuli na zahanati. Na ukenda bara ya Malindi, katika vijiji vya Jilore vilivyo kati ya mto Sabaki na msitu wa Arabuko-Sokoke, utakutana na swali la nne, nalo ni zito kuliko yote: "Kaka yangu ni mgema. Akiniletea fedha za chakula, nizipokee?"

Maswali haya manne yana mzizi mmoja. Yote yanahusu kitu kimoja ambacho wanakemia hukiita ethanoli, na ambacho wengi wetu tunakijua kwa jina la alkoholi. Wapo wanaokiogopa kila mahali, hata pale kinapokuwa sababu ya uzima. Wapo wanaokichezea kila mahali, hata pale kinapokuwa sababu ya mauti. Makundi yote mawili yamekosa jambo moja, nalo ni ujuzi wa kilichomo ndani ya chupa. Hukumu haitolewi juu ya kitu kisichojulikana.

Ethanoli hutoka wapi

Mwenyezi Mungu ameumba vijidudu vidogo visivyoonekana kwa macho, navyo ni chachu. Chakula chao ni sukari. Vikipata sukari, maji na joto, huila sukari hiyo na kutoa vitu viwili: hewa ya kaboni dioksidi na ethanoli. Kila mama anayekanda unga wa mahamri ameishuhudia kazi hii. Hamira akiitia katika unga, donge linaumuka kwa ile hewa, na ethanoli kidogo inazaliwa humo humo. Mahamri yakiingia katika mafuta ya moto, sehemu kubwa ya ethanoli huondoka pamoja na mvuke, na chembe inayosalia haiwezi kumlevya mtu hata akila sinia nzima.

Neno hamira lenyewe tumelipokea kutoka Kiarabu, na asili yake ni herufi tatu: kha, mim na ra. Herufi hizo hizo ndizo zilizozaa neno khamr, yaani ulevi, na neno khimar, yaani mtandio wa mwanamke. Maana ya asili ni kufunika au kuchanganyika. Mtandio unafunika kichwa kwa heshima. Ulevi unafunika akili kwa fedheha. Sayyidna Umar (R.A.) alipokuwa juu ya mimbari aliufafanua ulevi kwa sifa hiyo ya kuifunika akili, wala hakuufunga katika jina la kinywaji kimoja.

Sasa tuutazame mnazi. Mgema hupanda asubuhi na jioni, akalikata kole changa kwa kotama, na maji meupe yakadondoka katika kibuyu. Maji hayo yakiwa mapya ni matamu, yamejaa sukari, wala hayalevyi. Lakini chachu ya hewani na ya kibuyu chenyewe huanza kazi mara moja, na kwa joto la pwani yetu haichukui siku kuyageuza kuwa tembo kali lenye ethanoli. Likiachwa wazi kwa muda mrefu zaidi, vijidudu vya aina nyingine huila ile ethanoli kwa msaada wa hewa na kuigeuza kuwa asidi. Hapo ndipo tunapopata siki.

Tazama basi, ewe msomaji: maji ya kole moja yamepita katika hali tatu. Mwanzo yalikuwa kinywaji halali, kisha yakawa haramu, kisha yakawa siki ambayo Mtume (S.A.W.) aliisifu kuwa ni kitoweo kizuri. Mti haukubadilika wala kibuyu hakikubadilika. Kilichobadilika ni kilichomo ndani, na sheria ikabadilika pamoja nacho. Vilevile imepokewa kuwa Mtume (S.A.W.) alikuwa akirowekewa zabibu au tende katika maji, naye akinywa kwa siku chache tu, baada ya hapo hakuyanywa tena. Funzo ni kuwa kinywaji kitamu kina muda wake. Na kwa joto la Malindi, juisi ya ukwaju au ya miwa iliyoachwa nje ya friji haifai kuhesabiwa kwa siku hizo, bali kwa saa.

Kutoka kibuyuni hadi kiwandani

Tembo lililochacha lina ethanoli ya kiasi cha asilimia 5 hivi, na kilichobaki karibu chote ni maji. Ili kuipata ethanoli nyingi ni lazima itoneshwe. Ethanoli huchemka katika nyuzi 78, na maji huchemka katika nyuzi 100. Ukiupasha moto mchanganyiko wao, mvuke wa ethanoli hutangulia, ukapozwa na kukusanywa. Kiwanda kikirudia kazi hii hupata ethanoli ya asilimia 95 au 96.

Elimu ya kutonesha si ngeni kwa Waislamu. Al-Kindi, mwanachuoni wa Iraq wa karne ya 9, aliandika kitabu kizima kuhusu utengenezaji wa marashi kwa njia hiyo. Hata neno alkoholi ni letu: limetokana na al-kuhl, nao ni wanja. Mwanzoni lilikuwa na maana ya unga laini uliosagwa sana, kisha Wazungu wakalitumia kwa kila kitu kilichosafishwa mpaka kikabaki kiini chake, na mwisho likaishia kwenye maji haya.

Hapa Kenya ethanoli nyingi hutengenezwa kwa molasi, yale masalio meusi mazito yanayobaki baada ya sukari kutolewa katika miwa. Kiwanda kilichoko Muhoroni kilianza kazi hiyo miaka mingi iliyopita, na katika miaka ya 1980 ethanoli yake ilichanganywa na petroli ya magari. Brazil hadi leo huendesha mamilioni ya magari kwa ethanoli ya miwa. Miaka ya karibuni majiko ya ethanoli yaliuzwa Nairobi na Mombasa kwa ajili ya kupikia, nayo hayatoi moshi unaochoma macho na vifua vya akina mama kama ufanyavyo moshi wa kuni.

Matumizi mengine tumeyazoea bila kuyajua. Wazee wetu waliowasha karabai misikitini walianza kwa kuipasha joto kwa spiriti, nayo ni ethanoli iliyotiwa sumu na rangi makusudi ili isinywewe. Muuguzi anapokupangusa mkono kabla ya kukudunga sindano, pamba yake aghalabu ina alkoholi ya asilimia 70. Wino, rangi za mbao, manukato, dawa za nywele na baadhi ya dawa za majimaji hutumia ethanoli kwa sababu inayeyusha vitu ambavyo maji peke yake hayawezi kuviyeyusha.

Kwa nini asilimia 70, na si 96 ambayo ni kali zaidi? Kwa sababu ethanoli kali kupita kiasi hukauka upesi kabla ya kuwamaliza vijidudu, na maji yaliyomo ndiyo yanayoisaidia kupenya na kuiharibu protini yao. Wakati wa korona mwaka 2020, Shirika la Afya Duniani lilielekeza namna ya kutengeneza sanitaiza yenye ethanoli ya asilimia 80, pamoja na gliserini ya kulinda ngozi. Misikiti yetu ilipofunguliwa tena Julai mwaka huo, wengi waliingia safu wakiwa wameipaka mikononi. Lakini ifahamike kuwa sanitaiza haiondoi uchafu wala matope. Mikono iliyochafuka dawa yake ni maji na sabuni, na udhu una fadhila yake.

Wanavyuoni wanasemaje

Kanuni ya kwanza haina khilafu baina yetu: kilevi chochote, kikiwa kingi kinalevya, basi hata kidogo chake ni haramu kunywewa. Haijalishi kimetoka katika zabibu, mnazi, molasi au kiwanda, wala haijalishi kimeitwa kwa jina gani. Anayekunywa sanitaiza au spiriti ili alewe ana hukumu ya mnywaji, pamoja na dhambi ya kujiua taratibu.

Kanuni ya pili ni kuwa kuna tofauti ya kunywa na kutumia nje ya mwili. Hapa ndipo khilafu ilipo. Katika madhehebu yetu ya Imamu Shafii, vitabu vinasema kila kimiminika kinacholevya ni najisi. Kwa kauli hiyo, mwenye kutaka hadhari ataepuka marashi ya alkoholi katika nguo ya sala, na atatumia mafuta ya udi, ya asumini au ya waridi, ambayo pwani hii haijawahi kuyakosa. Lakini wanavyuoni wengi wa zama zetu wameona kuwa ethanoli ya viwandani, isiyotengenezwa ili inywewe, haiingii katika najisi hiyo, na baadhi yao wanautia nguvu msimamo huo kwa kauli za Imamu Abu Hanifa. Dada aliyejipuliza marashi hayo asiambiwe kuwa sala yake imebatilika, wala wasigombane wake wenza au mawifi kwa jambo ambalo wanavyuoni wamelipa nafasi. Jambo lisilo na khilafu ni jingine: mwanamke asijitie manukato ili ayasikie mwanamume asiye maharimu wake, yawe ya mafuta au ya alkoholi.

Kanuni ya tatu inahusu dawa. Mwaka 2002 Baraza la Fiqhi la Rabita ya Ulimwengu wa Kiislamu lilikutana Makka na kulitolea uamuzi swali hili. Liliruhusu dawa zenye alkoholi kidogo iliyoingia kwa dharura ya utengenezaji, ikiwa hakuna mbadala na daktari mwaminifu ameiandika. Likaruhusu pia alkoholi itumike nje ya mwili kwa kusafisha majeraha na kuua vijidudu. Basi mama, usiimwage dawa ya mwanao. Muulize mfamasia kama ipo isiyo na alkoholi, na siku hizi aghalabu ipo. Ikiwa haipo, mpe kwa kipimo alichoandikiwa, wala usizidishe.

Ama vanila za maji za kutilia keki, baadhi yake zina ethanoli nyingi. Ya unga ipo madukani, na mwenye hadhari huichagua hiyo.

Dawa ya sumu, na sumu yenyewe

Ethanoli ina ndugu yake, methanoli. Zinafanana rangi, harufu na hata namna ya kuwaka, lakini methanoli ni sumu kali. Ini huigeuza kuwa asidi inayoiua mishipa ya macho na kuyachafua maji ya mwili mzima. Mtu huamka siku ya pili akiona ukungu mweupe, kisha giza, kisha hupumua kwa kasi, kisha hufa. Novemba 2000, katika mitaa ya Mukuru jijini Nairobi, pombe haramu iliyotiwa methanoli iliua zaidi ya watu 100 na kuwapofusha wengine. Mei 2014 msiba huo ulirudi katika kaunti kadhaa za kati na mashariki mwa Kenya, na Februari 2024 ukarudi Kirinyaga. Waliokufa walikuwa na wake, mama na watoto. Msiseme, "Hao ni walevi." Jeneza la mlevi hubebwa na jamaa zake, na mayatima wake huwa wetu.

Na hapa pana hekima ya kuzingatiwa. Hospitalini, mtu aliyekunywa methanoli anaweza kutibiwa kwa ethanoli yenyewe, kwa kipimo cha daktari, kwa sababu ini hushughulika na ethanoli kwanza na kuiacha methanoli itoke bila kugeuka asidi. Kitu kilichokatazwa mezani kinakuwa uzima wodini. Lakini tiba hii si ya nyumbani hata kidogo. Ukimwona mtu ana dalili hizo, mkimbize hospitali, kwani kila saa ina thamani.

Yapo pia mambo ambayo kila mama ayashike:

Sanitaiza na spiriti ziwekwe juu, mbali na watoto. Mtoto mdogo akinywa kiasi kidogo tu, sukari ya damu yake inaweza kushuka akazimia.

Ukijipaka sanitaiza, ngoja ikauke kabla ya kukaribia jiko au kiberiti. Moto wa ethanoli mchana ni mwepesi wa rangi kiasi cha kutoonekana, na wengi hawaujui mpaka umewafika kwenye nguo. Jiko la ethanoli lisijazwe likiwa linawaka wala likiwa moto bado.

Usitie spiriti wala mafuta ya jiko katika chupa ya soda au ya maji. Mwenye kiu hasomi. Huona chupa akanywa.

Mwanamke mjamzito ajue kuwa ethanoli anayoinywa humfikia mtoto tumboni na kuweza kumharibu ubongo. Na elimu ya tiba tangu mwaka 1988 imekiweka kinywaji cha alkoholi katika orodha ya vitu vinavyosababisha saratani kwa yakini.

Mnazi wa Jilore

Sasa turudi kwa dada wa Jilore. Swali lake limebeba historia. Miongoni mwa jamaa zetu Wagiriama, tembo la mnazi si kinywaji tu. Humwagwa kwa ajili ya koma, hunywewa kwenye mahari na matanga, na zamani mashamba na minazi ilipouzwa, mashahidi walinywa pamoja ili neno lao lishike. David Parkin, mtaalamu wa mila aliyeishi Kaloleni katika miaka ya 1960 na kutoa kitabu chake mwaka 1972, alieleza jinsi baadhi ya Wagiriama walivyosilimu baada ya maradhi na wakaacha kunywa pamoja na majirani. Kuacha kule kuliwatenga kidogo na ujima wa tembo, lakini pia kuliwaachia akiba, na wengine wakawa wenye minazi mingi. Yaani kibuyu kilikuwa ndicho mpaka wa jirani na jirani, na hadi leo katika nyumba nyingi za bara mpaka huo unapita katikati ya ndugu wa tumbo moja.

Jibu la dada huyu lina sehemu mbili. Ya kwanza, kuuza kilevi ni haramu, na laana iliyopokewa katika hadithi inamfika anayekitengeneza, anayekibeba na anayekula thamani yake. Fedha ukijua kwa yakini kuwa ni za tembo lenyewe, usizipokee. Lakini ikiwa kaka yako analima mahindi, anauza nazi na pia anagema, na hujui shilingi ipi ni ipi, wanavyuoni wa madhehebu yetu hawakuharamisha zawadi yake, ijapokuwa kujiepusha ni bora. Sehemu ya pili ni kuwa undugu haukatwi. Asmaa bint Abubakar (R.A.) aliamrishwa amuunge mama yake aliyekuwa bado mshirikina. Mtembelee kaka yako, muuguze akiugua, wapikie watoto wake. Kibuyu chake ndicho usichokishika.

Na zaidi ya hapo, mshauri kwa yale yaliyo bora kwa mfuko wake. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, lakini mgema akishauriwa vyema aweza kuliacha tembo. Kole linalogemwa halizai nazi. Likiachwa, litampa nazi, tui, mafuta na vifuu. Au ayachukue maji matamu asubuhi kwa chombo safi, ayachemshe papo hapo kabla chachu haijaanza, yawe asali ya mnazi na hatimaye sukari. Au ayakusudie siki tangu mwanzo. Katika madhehebu yetu, maji yaliyowekwa kwa nia ya siki yana heshima yake, na yakigeuka siki yenyewe, bila kutiwa kitu, siki hiyo ni tohara na kuuzwa kwake ni halali. Kilichokatazwa ni kulichukua tembo la kunywewa na kulitia vitu ili kuligeuza, kwani Mtume (S.A.W.) alipoulizwa juu ya jambo hilo alikataa. Wala tusimwambie mgema aache riziki tukamwacha hapo. Mwenye duka la Kiislamu anunue siki yake, na mama anayetengeneza achari na kachumbari aiulizie hiyo kabla ya ile ya kiwandani.

Akina mama, nyinyi ndio mnaofungua kabati la dawa, mnaonunua marashi, mnaohifadhi spiriti na mnaopokea fedha za jikoni. Kabla ya kumwaga, kabla ya kunywesha, kabla ya kumtenga ndugu, someni kilichoandikwa kwenye chupa, na kisichoeleweka muulizeni mfamasia juu ya dawa na sheikh juu ya hukumu.

Mwenyezi Mungu azihifadhi akili zetu na nyumba zetu, awape wagema wa Jilore riziki iliyo safi, na atujaalie elimu yenye manufaa. Wallahu aalam.